Sisi Si Wanawake wa Mwani

Nimeulizwa mno. Kanisani nimeulizwa, sokoni nimeulizwa, na juzi mganga wa meno alikuwa ameshanifungua mdomo na koleo mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, bahari ikoje?" Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, mimi nirudi kupukuchua mahindi yangu. Bahari ni nzuri. Hasira niliyorudi nayo haitokani na bahari, na sehemu yake naielekeza kwangu mwenyewe, kama mtakavyoona.

Mimi ni Paskazia, mwalimu mstaafu. Wengi wenu niliwafundisha kusoma kule Kaengesa. Niliyesafiri naye ni Zuhura, mwenye duka la vitambaa hapa Sumbawanga mjini. Tulianza urafiki watoto wetu wakiwa darasa moja. Mwaka juzi alifiwa na mumewe, Mzee Salumu, aliyekuwa akipeleka lori lake Kasesya, mpakani. Eda iliisha, Zuhura akarudi dukani, lakini sauti yake haikurudi. Mteja akiuliza kitenge, anamwonyesha kwa kidole. Siku moja tunachambua maharage nyumbani kwangu, akasema, "Mwalimu, nina miaka sitini na miwili na sijawahi kukanyaga bahari." Kwa miezi mingi sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Nikamwambia, "Tunakwenda."

Habari za tiketi na kutafuta chumba tuziache. Watoto wake walizimaliza kwenye simu.

Sumbawanga hadi Mbeya

Tuliambiwa tufike stendi saa kumi na moja alfajiri. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Nilivaa sweta mbili na koti la marehemu baba, na bado meno yaligongana. Basi liliondoka saa moja na nusu. Kwa nini tuliitwa saa kumi na moja? Nilimuuliza kondakta, akanijibu, "Mama, mkiambiwa saa moja mnakuja saa tatu." Nikamwambia mimi nimegonga kengele ya shule miaka thelathini na minne, sijawahi kuchelewa hata siku moja. Akasema, "Basi wewe peke yako ungekuja saa moja."

Laela tukasimama. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Nikashuka kuona kulikoni. Dereva alikuwa anasimamia watu wanaopandisha makochi juu ya basi. Seti nzima, na meza yake! Bwana harusi wa Tunduma alikuwa ameyaagiza kwa fundi wa pale Laela, na fundi alikuwa bado anapigilia kitambaa kwenye kochi la mwisho. Abiria hamsini tulikaa kumsubiri mtu apigilie misumari.

"Harusi ni kesho, mama," kondakta akaniambia. "Wataka maharusi wakae chini?"

Mito ya makochi haikupata nafasi juu, hivyo tukagawiwa tupakate. Nilikataa. Zuhura akapokea wake na wangu, mmoja akaulalia, mwingine akauweka miguuni, akalala mpaka Tunduma. Mimi nilikaa wima kwa hasira, na nilipofika mgongo ulikuwa unaniuma peke yangu.

Mbeya tulilala kwa binamu yake Zuhura, tukala ndizi za nyama.

Mbeya hadi Dar es Salaam

Katika basi la pili tulikaa watatu: Zuhura dirishani, mimi katikati, na pembeni bwana mmoja mwenye koti na begi la kompyuta. Mtu mwenye adabu tu. Alitusalimia, akatupa karanga. Tulipofika Uyole akauliza tunatokea wapi. Nikasema Sumbawanga.

Akaacha kutafuna.

"Sumbawanga hii hii?" akasema. "Aisee, mama zangu, msinitupie radi."

Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Mnajua tunavyosemwa. Ukitaja Sumbawanga popote katika nchi hii, mtu atakuuliza kama umekuja kwa ungo. Jina lenyewe, wazee wetu wanasema, ni amri ya kumwambia anayeingia autupe uchawi wake nje ya mji. Nikamweleza hayo yote, na nikamweleza kwamba sisi ndio tunaowalisha mahindi na maharage huko wanakokaa wakitucheka. Akaitikia, "Kweli, kweli," huku anakusanya vitu vyake. Makambako akahamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na injini, kwenye joto. Mtu aliyesoma!

Nilitaka kumfuata. Zuhura akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Tumepata pa kunyoosha miguu."

Hapo hapo Makambako tulipewa dakika kumi za kula. Wali ulikuja wa moto kiasi cha kuunguza kijiko, na dereva akaanza kupiga honi kabla sijameza kijiko cha kwanza. Nikafunga paja la kuku kwenye leso yangu nzuri ya ubatizo, nikakimbia. Nilimla yule kuku Mikumi, tukiwa tumesimama kuwapisha tembo, ambao hakuna aliyewapigia honi.

Kuvuka kwenda Unguja

Dar tulilala kwa Rashidi, mwanawe Zuhura, na asubuhi akatupandisha boti. Yaliyompata Zuhura juu ya maji yale siyaandiki kwa heshima yake. Niseme tu kwamba mama mmoja aliyekaa mbele yetu alitugeukia, akampa Zuhura ndimu anuse, akampepea na kanga yake njia nzima, na tulipofika akaondoka bila kutuambia jina.

Bandarini tulichukuliwa na dereva wa gari dogo, mtu mchangamfu. Tulipotoka mjini akatuangalia kwenye kioo.

"Jikoni au vyumbani?" akauliza.

"Jikoni gani?"

"Si mwenda kuanza kazi hotelini? Nimewapeleka wengi kutoka bara."

Nikamwambia tunakwenda kupumzika. Akaomba radhi, na nikamsamehe, maana alikuwa amekosea kwa upole. Akatusimamisha njiani tunywe chai kwa mama mmoja. Nikauliza kama kuna mkate. Akasema, "Mkate upo," akaniletea kitu kitamu cha mchele, chenye iliki na nazi. Nikasema hapana, mkate, wa kupaka siagi. "Aa, wataka boflo!" akasema. Nilikula vyote viwili. Nikimwambia mtu kwamba nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na nikashindwa kuagiza mkate, atanicheka, na ana haki.

Hotelini

Hoteli ni nzuri, sitaki kuwadanganya. Makuti, mchanga mweupe kama unga wa sembe, na mbele kabisa vyumba sita vinavyotazama bahari. Binti wa mapokezi akatutazama, akatazama vitambulisho vyetu, akasema, "Sumbawanga! Jamani msituroge." Halafu akatupeleka nyuma, tukapita jikoni, tukapita kamba za kuanikia mashuka, mpaka kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama tangi la maji.

"Tuliambiwa chumba kinatazama bahari," nikasema.

"Vile vya mbele ni vya wageni, mama."

"Na sisi ni nani?"

Akatabasamu kama mtu anayezungumza na mtoto. "Nyinyi ni wenyeji."

Niliomba anieleze. Kutoka Sumbawanga mpaka pale tulikuwa tumesafiri siku tatu, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale tunayemjua. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa mgeni, anapewa kiti kabla hajasema anatoka wapi. Binti akasema wageni ni wale wanaotoka nje. Na vyumba vya mbele, kwa macho yangu, vinne kati ya sita vilikuwa vitupu, milango wazi, mashuka yamekunjwa umbo la ndege.

Nilipandisha sauti. Nakiri. Mpishi alitoka jikoni kutazama. Zuhura alisimama pembeni ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akasema polepole, "Paskazia, mimi nimekuja kukanyaga maji. Hayo maji hayako chumbani." Aliingia ndani akafunga mtandio wake upya mbele ya kioo, nami nikamfuata nikiwa bado nazungumza.

Ufukweni

Maji yalikuwa yamekupwa. Sikujua kwamba bahari huondoka namna ile; ilikuwa imekwenda mbali, na kati yetu na mawimbi kulikuwa na uwanja wa mchanga wenye maji ya vifundo vya miguu. Tukavua viatu. Zuhura alikuwa amevaa dera na mtandio, mimi kitenge na kanga kiunoni. Tukapita katikati ya vitanda vya kujianikia jua, ambako wazungu watano au sita walikuwa wamelala, na hakuna hata mmoja wao aliyetusumbua.

Aliyetusumbua ni askari wa hoteli. Mtu mzima, wa miaka arobaini hivi, na lafudhi yake ilikuwa ya huku kwetu bara. Alikuja mbio huku anapunga kirungu.

"Nyinyi akina mama! Mmeshaambiwa mara ngapi? Hapa si njia. Zungukeni ukutani huko!"

Zuhura alikuwa amebakisha hatua chache kufika majini. Akasimama. Nikaona mabega yake yanashuka, nikaona ameshaanza kugeuka arudi, kimya, mtu aliyesafiri siku tatu, na hapo ndipo damu iliponipanda.

"Unatuona akina nani?" nikamuuliza.

"Si nyinyi wa mwani? Mmekatazwa kupita mbele ya wageni."

Nikachomoa ufunguo wa chumba kwenye kanga nikauinua juu, wote pale wauone. Nikasema kwa sauti yangu ya paredi, "Sisi si wanawake wa mwani! Sisi ni wageni wa hoteli hii! Tazama vizuri kabla ya kufukuza watu!"

Askari akauona ufunguo. Uso ukambadilika pale pale. "Samahani sana, mama. Nisamehe mama. Sikujua. Piteni, piteni popote." Akarudi nyuma huku anainama. Nami, niwaambieni ukweli, nikajisikia vizuri. Nilitembea kuelekea majini kifua mbele.

Hatua kama kumi kutoka pale alikuwa amekaa mwanamke juu ya gunia la mwani lililolowa, ameegemea kijiwe, anapumzika. Alikuwa wa rika la miaka hamsini, amevaa yeboyebo miguuni na kanga mbili, na mikono yake imekatwakatwa na chumvi. Zuhura alimwona kabla yangu, akamwamkia. Akaitikia vizuri. Nami nikamwamkia. Akanitazama kwanza.

"Nimekusikia," akasema. "Nawe wasema nini, mwalimu? Maana sauti hiyo ni ya mwalimu."

"Yule askari ametukosea adabu," nikasema.

"Amekukosea wewe kwa kuwa si wa mwani. Ningekuwa mimi pale uliposimama, angekuwa hajakosea?"

Nimewauliza watoto maswali miaka thelathini na minne, nikiwasimamisha mbele ya wenzao mpaka wajibu, na pale kwenye mchanga nikasimama mimi, ufunguo ungali mkononi. Nikausweka kwenye kanga. Nilitaka kusema kwamba sikukusudia. Lakini nilikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimetafuta neno la kumwonyesha askari kwamba sisi ni bora, na neno lililonijia ni hilo. Yule bwana wa kwenye basi naye alikuwa mtu mwenye adabu, alikuwa ametupa karanga.

Zuhura ndiye aliyetuokoa. Akachuchumaa karibu na gunia, akalishika kama anavyoshika kitambaa kipya dukani, kwa vidole viwili, akauliza, "Huu unapandwaje?"

Kwa Mwanakombo

Jina lake ni Mwanakombo. Alitupeleka shambani kwake, ndani ya maji. Ndiyo, shamba, lina mistari kama ya maharage: vijiti viwili, kamba katikati, na mwani umefungwa vifungu vifungu kwenye kamba. Maji yalitufika magotini, halafu mapajani. Dera la Zuhura lilivimba juu ya maji kama puto, akalipiga kwa viganja lishuke, na hakuacha kuuliza maswali. Unakaa wiki ngapi? Unakauka siku ngapi? Maji yakiwa moto unakufa? Nani ananunua, na kwa nini mnakubali bei hiyo? Mwanakombo alicheka kwa lile la mwisho. "Huyu shoga yako mfanyabiashara," akaniambia. Miaka miwili nilikuwa nasubiri kuisikia sauti ile. Nilijifanya natazama vijiti.

"Nyinyi kwenu mwalima nini?" Mwanakombo akauliza.

Nikamwambia: mahindi, ulezi, maharage.

"Na njia ya kutoka shambani mpaka nyumbani, mnayo?"

Nikasema tunayo. Ndipo akatuonyesha yake. Kijiji chao kiko nyuma ya hoteli. Zamani walitoka majini wakapanda moja kwa moja, mwendo wa mtu kusalimiana na mwenzake. Hoteli ilipojengwa, ukuta ukakaa juu ya njia. Sasa mwenye gunia bichi kichwani anazunguka ukuta wote, anapita kwenye mawe, ndipo anapofika nyumbani. Wajawazito wanazunguka. Mama yake, ambaye ana zaidi ya miaka sabini, anazunguka. Kuna uwazi mmoja tu katikati, ule wa kwenye vitanda vya jua, na hapo ndipo tulipofukuzwa sisi.

Nilikwenda kwa meneja jioni hiyo. Alinipokea vizuri kabisa, akaniagizia maji ya madafu, akasema askari ataonywa. "Hakujua kwamba nyinyi ni wateja wetu," akasema.

"Hicho ndicho kinachoniudhi," nikamwambia. Nikamweleza habari za njia. Akaandika kitu kwenye karatasi, akasema, "Tutaliangalia," halafu akatupa chumba cha mbele. Zuhura alikikataa kabla sijafungua mdomo. Akasema ameshalizoea tangi.

Gunia

Siku yetu ya mwisho tuliingia majini asubuhi na Mwanakombo, tukamsaidia kuvuna. Mimi nilifunga vibaya, akafungua vyote akafunga tena. Alipokuwa na magunia mawili tayari, nikamwambia moja nitalibeba mimi. Akanitazama umri wangu. Nikamwambia nimebeba madebe ya mahindi tangu sijajua kusoma.

Mahindi makavu si mwani. Nilipotwikwa, shingo iliingia mabegani. Maji ya chumvi yakanitiririka machoni. Mwanakombo akaelekeza uso kwenye ukuta, kwenye njia yao ya kuzunguka, na Zuhura akasema, "Hapana. Tupite hapa." Akatangulia yeye, hajabeba kitu ila viatu vyetu, akaelekea moja kwa moja kwenye vitanda vya jua.

Katikati ya vitanda miguu yangu ilikataa. Nilitua gunia mchangani, nikakaa juu yake nikihema. Mzungu mmoja aliinua miwani, akatupungia mkono. Askari akaja. Ni yule yule. Alinitazama mimi, akamtazama Mwanakombo aliyesimama na gunia kichwani, akatazama madirisha ya ofisi.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "wewe pita. Lakini huyu…"

"Tuko pamoja," nikasema.

"Mama, nina watoto. Nitafukuzwa kazi."

Nilikuwa na maneno tayari, mengi. Zuhura akanitangulia. Alimuuliza kwao ni wapi. Akasema Singida. Akamuuliza mama yake anafanya nini huko. Askari akasema analima alizeti.

"Anabebaje mpaka nyumbani?"

Askari akatazama tena ofisini. Halafu akapachika kirungu kwenye mkanda, akainama, akashika gunia langu pande mbili, akanitwika. "Piteni upesi," akasema.

"Hatuwezi upesi, mwanangu," Zuhura akamwambia, kwa sauti ambayo wote pale waliisikia. "Mwani unalemea."

Tukapita polepole mpaka uani kwa Mwanakombo.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Shingo iliniuma mpaka Mbeya. Zuhura alizungumza na kila aliyekaa karibu naye, na mtu wa Iringa alipotutania habari za radi, akamwambia zimeisha, tumeagiza nyingine.

Wiki iliyopita Mwanakombo alimpigia Zuhura simu. Askari hakufukuzwa. Lakini pale kwenye uwazi, kati ya vitanda, meneja ameweka kamba. Asubuhi, ofisi ikiwa haijafunguliwa, askari huiinua juu kwa mkono mmoja na wanawake wanapita chini yake na magunia. Zuhura alifurahi sana kunisimulia hilo, na najua mtafurahi nanyi.

Mimi sijafurahi. Nimemwandikia meneja barua mbili, hajajibu, na ya tatu iko hapa mezani. Sitaki kamba iinuliwe. Nataka itolewe.